Seti Yenye Gololi Hamsini

Suji, 3 Machi 2024

Mwanangu Loth,

Pokea salamu za huku juu. Hatujambo, isipokuwa baba yako Ebenezer goti bado linamsumbua. Hata hivyo juzi alishuka mwenyewe mpaka kwenye ndiva, bwawa letu la kumwagilia, kufungua maji, maana ilikuwa zamu yetu na anasema ukimtuma mtu maji yanaishia shamba la jirani. Mvua inanukia tu, haijanyesha. Maharage tumepanda kwa imani. Koleta wa nyumba ya chini amemleta Irene wake chekechea. Ana miaka minne, anahesabu vizuri mpaka kumi na tatu, halafu anarudi tisa. Sasa tuna watoto thelathini na wanane.

Barua uliyoniomba niliiandika tarehe mosi, kwenye karatasi yenye jina la shule, nikaipiga mhuri. Nimesema kama ulivyoniagiza: kwamba chekechea yetu imeagiza vifaa vya kufundishia kutoka nje ya nchi, na kwamba haviuzwi. Pale pa idadi nimeacha wazi.

Hapo, baba, mkono ulisita. Nimefundisha miaka thelathini na mmoja na sijawahi kusaini karatasi yenye nafasi tupu. Katika daftari langu la kila siku nimeandika: "Leo nimesaini barua ya Loth. Idadi: hakuna." Nitajie idadi nijaze na huku kwangu.

Shangazi yako,
Lea


Dar es Salaam, 30 Machi 2024

Shangazi yangu mpendwa,

Shikamoo. Heri ya Pasaka kwako, kwa baba na kwa wote. Mimi ni mzima, ila joto la mji huu halina adabu. Mwambie baba dawa ya kuchua nitaituma na basi, aache kujipaka mafuta ya taa. Barua yako ilifika ikiwa safi, na bosi wangu Sylvester aliisoma mara mbili. Akacheka: "Shangazi yako anaandika kama hakimu!" Nikamwambia huyo ndiye aliyenifundisha herufi.

Uliniuliza siku moja kazi yangu hasa ni nini. Ni hivi. Kila kitu kinachoingia bandarini kina namba yake katika kitabu cha ushuru. Misumari ina namba yake, sindano yake, gitaa yake. Sisi mawakala tunaandika hati ya kumwambia afisa wa forodha: mzigo huu ni kitu fulani, namba yake ni hii. Namba ndiyo inayosema ushuru utakuwa kiasi gani, na ndiyo inayosema nani mwingine aukague kabla haujatoka.

Shida ni seti. Chukua boksi lenye ubao mdogo wa bati, herufi za plastiki zenye sumaku mgongoni, kitabu cha picha, na mfuko wa gololi hamsini za kung'aa, ndogo kama punje ya mahindi, nazo ni sumaku. Hicho ni kitu gani? Kwa herufi ni kifaa cha kufundishia. Kwa gololi ni kichezeo. Kanuni inasema tazama kile kinachoipa seti nzima tabia yake. Basi tunabishana hapo, Shangazi, watu wazima wenye tai, kama boksi ni shule au ni mchezo. Safari hii tumesema ni shule.

Nakutumia maboksi kumi na mawili, zawadi kwa watoto wako. Yataachwa dukani kwa Maua, pale stendi ya Same.

Jambo moja. Mambo ya kazi tuandikiane kwenye karatasi tu. Simu hii ni ya ofisi, na Sylvester huichukua anavyotaka.

Mwanao,
Loth


Suji, 2 Juni 2024

Mwanangu Loth,

Salamu. Mvua ilikuja kwa hasira, ikakata barabara mara mbili, ndiyo maana nimechelewa. Baba yako dawa ameipata, anaisifu kwa wageni na kuinusa, kujipaka hataki. Maharage yametoka vizuri. Jana tulikula makande mapya, tukakukumbuka.

Maboksi yalifika tarehe 20 Mei. Watoto wamefurahi mno. Herufi wanazipanga, lakini baada ya robo saa wote wanarudi kwenye gololi. Zinashikana zenyewe, mtoto anavuta mnyororo kutoka mezani mpaka sakafuni anacheka. Wasichana wamebuni urembo: moja mbele ya ndewe ya sikio, moja nyuma, zinang'ang'ania na hereni imepatikana bila kutoboa. Irene alizibandika kwenye ulimi, moja juu, moja chini. Nikamwambia, "Toa hizo!" Akanijibu, "Mwalimu, mimi ni bibi harusi." Darasa zima likaangua kicheko, na mimi pia.

Nazihesabu kila mchana kabla hawajaondoka. Maboksi kumi na mawili mara hamsini, mia sita. Naandika.

Sasa nina maswali matatu. La kwanza, idadi hukunijibu. La pili, kwenye kila boksi pana mahali palipokwanguliwa, pana gundi na vumbi limeshika. Kwenye boksi moja kona ya karatasi imebaki, nyekundu, ina nusu ya uso wa mtoto na mstari umepita juu yake. Ile karatasi ilisema nini?

La tatu. Nilipoyachukua kwa Maua nilikuta mengine kama hayo yamepangwa dukani mpaka dari. Nikamwambia haya ni ya shule, hayauzwi. Akasema, "Mwalimu, hata chumvi ni ya shule ukiipeleka shule. Haya yametoka Dar kwa jumla, na yanakwenda kama maandazi."

Shangazi yako,
Lea


Dar es Salaam, 11 Julai 2024

Shangazi,

Shikamoo. Nimefurahi kusikia mavuno. Huku tumepata kazi nyingi, nalala kidogo, lakini afya ipo. Nilipanga kuja mwezi huu, sitaweza tena.

Gundi ile ni ya karatasi ya bei ya kiwandani, usiihangaikie. Maua ananunua kwa watu wake, sisi hatumjui.

Kuhusu barua ya Machi, kama ulibaki na nakala, ichome. Si kwa ubaya. Karatasi zikizagaa zinaleta maneno. Na mtu yeyote akija kukuuliza, awe wa forodha au wa wapi, mwambie shule iliagiza, vifaa vilifika, basi. Hilo si uongo, vilifika.

Msalimie baba. Mwambie nitakuja Krismasi.

Loth


Suji, 19 Agosti 2024

Mwanangu Loth,

Baba yako hajambo. Baridi ni kali mwaka huu, ukungu haufunguki mpaka saa nne. Shule ilifunguliwa vizuri.

Tarehe 14 nilihesabu nikapata mia tano tisini na saba. Nilirudia mara tatu. Nikafagia, nikachungulia chini ya mkeka, nikageuza mifuko ya sare zao. Mia tano tisini na saba.

Tarehe 15 Irene hakuja. Tarehe 16 nilikwenda kwa Koleta nikamkuta mtoto amejikunja, anatapika. Zahanati walimpa dawa ya tumbo na ya minyoo, maana hakuna aliyejua kitu kingine cha kuwaambia. Jana alikuwa amepata nafuu, akanywa uji. Leo asubuhi tumbo limekuwa gumu.

Nilimuuliza, "Irene, umemeza gololi?" Akaangalia ukuta. Koleta anasema hata kama amemeza, mtoto wa kaka yake alimeza sarafu na ikatoka siku ya tatu. Kila mtu huku anasema hivyo: chuma kitatoka.

Nimekupigia simu mara tatu, haipokelewi. Nimetuma ujumbe, hujajibu. Ulisema nikuandikie kwenye karatasi, basi nakuandikia, na nashuka mwenyewe mpaka Same kumkabidhi konda. Wewe ndiye unayejua boksi hili ni kitu gani. Zikimezwa tatu, zinatoka? Nijibu kwa njia yoyote.

Shangazi yako,
Lea


Dar es Salaam, 26 Agosti 2024

Shangazi,

Shikamoo. Barua yako niliipata tarehe 22. Nimeianza hii mara nne.

Kusanya gololi zote uzifungie kabatini. Mwambie Koleta ampeleke mtoto hospitali kubwa wampige picha ya eksirei, hata kama maumivu yamepoa. Si lazima aseme kilichotokea shuleni. Aseme tumbo tu, picha yenyewe itaonyesha.

Simu sikuipokea kwa sababu ilikuwa mezani kwa Sylvester. Alitazama jina lako linavyowaka akaniuliza, "Huyu ndiye yule mwenye mhuri?" Nikasema ndiye. Akasema, "Anataka nini?" Nikasema ni habari za baba.

Usinielewe vibaya.

Loth


Suji, 15 Septemba 2024

Loth,

Baba yako hajambo. Sina habari nyingine ya nyumbani.

Barua yako ya tarehe 26 ililala Same, gari la huku lilikuwa limeharibika. Niliipata tarehe 5 Septemba. Kufikia siku hiyo Irene alikuwa Moshi, hospitali ya rufaa, siku ya kumi na tatu. Hatukukungoja. Tarehe 24 Agosti Koleta alimfunga mgongoni akateremka naye kwa mguu mpaka akapata gari la mzigo, na mimi nikamfuata.

Picha niliionyeshwa. Gololi tatu zimejipanga kama shanga. Nilidhani ziko pamoja. Daktari akasema, "Hapana, Mama. Hii iko kwenye mkunjo huu wa utumbo, na hii iko kwenye mkunjo mwingine. Zimevutana, nyama ikawa katikati." Zilikuwa zimetoboa mahali panne. Walikata kipande cha utumbo. Bado yuko kitandani na mpira puani, na hawasemi lini.

Daktari aliniuliza zimeingia lini. Nikafungua daftari nikamsomea: tarehe 14, mia tano tisini na saba. Akasema, "Angefika hata siku mbili kabla, pengine tungekuta tundu moja."

Siku mbili kabla ya tarehe 24 ni tarehe 22. Siku hiyo ulikuwa umeishika barua yangu mkononi, katika mji wenye simu kwenye kila kibanda. Ukachagua kutuma barua kwa basi.

Sitakuuliza kwa nini. Nakuuliza jambo moja tu. Maua ameuza maboksi yake yote, hajui kwa nani. Akaleta mengine. Nimemwambia ya Irene, ameyatoa rafuni, lakini ananiambia, "Mwalimu, mimi ni duka moja." Niandikie yamekwenda wapi yote, jina kwa jina, duka kwa duka. Na ile idadi.

Koleta nimemweleza kwamba barua iliyoyaingiza nchini ina sahihi yangu. Hakunitukana. Aliondoka akaenda kukaa upande wa pili wa kitanda, na tangu siku hiyo ananiita "Mwalimu" tu, haniiti tena "dada".

Nakungoja mpaka tarehe 30. Ikipita, nakwenda forodha mwenyewe.

Lea


Dar es Salaam, 27 Septemba 2024

Shangazi,

Shikamoo, ingawa sijui kama utaitikia. Barua hii naipeleka mwenyewe stendi, nimemlipa konda aipandishe na bodaboda mpaka mlangoni kwako.

Kwenye ile nafasi tupu niliandika elfu nne na mia nane.

Kama tungesema ni vichezeo, wangechukua sampuli ikapimwe, na isingepita. Tulijua. Sylvester alijua kabla mzigo haujapakiwa, kwa kuwa mahali pengine ulikuwa umekataliwa. Afisa aliponiuliza shule gani hii yenye maboksi mengi hivyo, nikamwambia inagawa kwa shule za wilaya nzima, nikamwonyesha barua yako. Hakuna kitu kinachoaminika kama mwandiko wa mwalimu mzee.

Karatasi nyekundu ilisema asipewe mtoto aliye chini ya miaka kumi na minne, na kwamba sumaku zikimezwa zinaua. Baada ya mzigo kutoka tuliibandua ghalani kwa maji ya moto na wembe, siku tatu. Duka gani lingenunua kichezeo kinachosema mtoto asikiguse? Maboksi yako kumi na mawili niliyabandua mimi, kwa mkono wangu. Nilijiambia wewe unahesabu kila kitu, kwako haitapotea hata moja.

Orodha iko kwenye karatasi ya pili, peke yake. Wanunuzi wa jumla ni saba: wawili Kariakoo, mmoja Tanga, mmoja Korogwe, mmoja Arusha, mmoja Mwanga anayepeleka mpaka minada ya Kwakoa, na yule anayemuuzia Maua. Kuanzia hapo kwenda mbele sijui, na hakuna anayejua.

Kuna jambo la mwisho. Kontena la pili linaingia tarehe 20 Oktoba. Nilimwambia Sylvester hutaandika barua nyingine. Akafungua droo akanionyesha. Barua ipo, ina tarehe ya mwezi huu, ina sahihi yako na mhuri wa shule yako. Wameuchonga. Akasema, "Shangazi apumzike, umri umekwenda."

Nakuomba usiende, Shangazi. Ukienda wataanza na jina lililo kwenye karatasi, nalo ni lako. Niachie mimi nitafute njia ya polepole.

Loth


Dar es Salaam, 4 Oktoba 2024, saa saba kasoro robo mchana

Loth,

Marahaba.

Nipo ofisi ya forodha, kwenye benchi la ukumbini ghorofa ya kwanza. Karatasi hii nampa mama anayeuza chai hapa nje, jina lake Salama. Anasema ofisi yenu anaijua, atakuletea mkononi.

Nimeondoka Suji jana alfajiri. Baba yako nimemwambia yote. Alichukua jembe akaenda shambani, na goti lile.

Irene ameingizwa tena chumba cha upasuaji juzi, pale walipounga pamevuja. Na Koleta amenipigia simu njiani. Kitanda cha tatu kutoka kwao ameletwa mtoto wa miaka mitatu kutoka Kwakoa. Tumbo. Wazazi wake walisema ni maji ya kisima. Koleta ndiye aliyekwenda kumwambia daktari apige picha. Wamekuta saba.

Kwa hiyo njia ya polepole haipo.

Orodha nimeshawapa. Walinipokea binti mmoja na bwana mmoja mtu mzima. Binti aliitoa nakala saa hiyohiyo akatoka nayo mbio, viatu mkononi. Nimewaonyesha nakala ya barua yangu ya Machi, sikuichoma. Nikasema sahihi ni yangu, mhuri ni wangu, yaliyoandikwa si kweli, na kwamba nyingine itakuja ambayo hata mhuri si wangu. Yule bwana akasema, "Mwalimu, unajua unachokisema kinakufunga wewe mwenyewe?" Nikasema najua, ndiyo maana nimevaa koti zito la kulalia mahabusu.

Kisha akauliza, "Nani aliyekuomba uandike?"

Kwenye orodha yako hapakuwa na jina lako, na mimi nilikuwa sijalitaja. Nikamwambia nipe mpaka saa nane, nile kitu kwanza. Si njaa. Nilitaka swali hilo ulijibu wewe kwa mdomo wako, ukiwa umeingia kwa miguu yako. Kuna mambo wanayoyahitaji ambayo mimi siyajui: ghala liko wapi, kimebaki nini ndani, kontena linalokuja lina namba gani. Kila saa unayoyaficha kuna boksi linafunguliwa mahali.

Nimekulea tangu mama yako alipofariki. Saa nane ikifika na benchi hili bado lina mtu mmoja, nitaingia nitalitaja jina lako kamili, na la baba yako, na la kijiji, wasikuchanganye na mtu mwingine.

Nimekaa mwisho wa benchi, upande wa ukuta. Nafasi ipo.

Lea